Vipande Vitupu vya Moto wa Saba

Masumbwe, alasiri ya kuamkia safari yako

Mwanangu Limi,

Mama yako ameshakuambia habari ya koti, ya dawa ya tumbo, ya kutoiweka pasipoti mfuko wa nyuma, na ya watu watakaokuomba uwanja wa ndege uwashikie mzigo kidogo tu. Ameyasema mara tatu na atayasema tena kesho alfajiri basi likiwa linaunguruma, kwa hiyo mimi hayo nayaacha. Wewe umekwenda Kahama kumuaga shangazi yako na umesema utarudi jua likiwa bado juu. Nina saa tatu hivi, meza ya barazani, na daftari lililobaki tangu nilipostaafu. Kuna jambo nimeshindwa kulisema kwa mdomo kwa mwaka mzima. Nitalifikia. Lakini unanijua, siwezi kufika mahali bila kupita njia ndefu, na safari hii naomba univumilie, kwa sababu njia yenyewe ni sehemu ya jambo.

Watu wananiuliza binti yangu anakwenda kusomea nini. Nikijibu kwamba anakwenda kusomea namna ya kuimarisha vitu vyepesi vyenye matundu kwa kuvipaka kaboni ngumu, wanaitikia kwa heshima, kisha wanauliza kama kazi zipo. Mzee wetu wa kanisa aliniuliza kama kaboni ndiyo mkaa. Nikamwambia ni ndugu wa mkaa. Akasema, "Basi angebaki, mkaa upo hapa."

Sasa nimepata njia fupi. Nawaambia wakumbuke michembe na matobolwa. Kiazi ni kilekile. Ukikikata kibichi ukakianika, unapata mchembe, mweupe, umejaa vijitundu usivyoviona, unaukata kwa vidole viwili kama chaki. Ukikichemsha kwanza ndipo ukakianika, unapata tobolwa, nalo linang'aa kama limepakwa mafuta, na mtu mwenye jino bovu halitii mdomoni bila kufikiri. Kilichobadilika ni kwamba ule wanga umeyeyuka, umezitandika kuta za matundu, kisha umekauka juu yake ukawa kama kioo. Nguvu ya tobolwa iko kwenye kuta hizo. Hapo wananielewa, na mzee wa kanisa akaniambia kwamba mama yake alikuwa mhandisi.

Wewe unajua zaidi ya hapo, na mengine nimejifunza kwako. Kitu kikavu chenye matundu hakivunjiki kwa sababu ni dhaifu kila mahali. Kinavunjika kwa sababu mahali pamoja, kwenye ukuta wa tundu moja, pana mkwaruzo mdogo, na uzito wote ukaenda kukusanyika kwenye ncha ya mkwaruzo huo. Utando mgumu wa kaboni ukiingia mle na kuushika mkwaruzo, ufa unakosa pa kuanzia. Sisi hapa tulichovya udongo wetu kwenye maji ya sukari guru, tukaukausha, tukaufukia kwenye unga wa mkaa ndani ya chungu kilichozibwa ili hewa isiingie, tukauchoma. Sukari ikageuka kaboni nyeusi inayokwaruza chupa. Huko uendako wanaitandaza kutoka kwenye gesi, ndani ya chombo kilichonyonywa hewa yote, utando mwembamba kuliko unywele mara nyingi sana. Kazi ni moja. Na uongo unaoweza kujificha ndani yake ni mmoja pia: kitu kinatoka kigumu, kinapendeza, na wewe unasema ni kwa sababu ya utando, kwa kuwa utando ndio unaouona.

Nataka kukusimulia jinsi nilivyodanganyika mimi kwanza, kabla yako.

Ulikuwa darasa la tatu. Bila shaka unakumbuka vichujio, maana ulikuwa ukivikalia. Nilikuwa nafinyanga udongo na pumba za mpunga, pumba zinaungua ndani ya tanuri, zinaacha matundu, maji machafu yanaingia juu na yanatoka chini yakiwa safi. Kichujio kinakaa ndani ya ndoo yenye bomba dogo. Kilikuwa kitu kizuri, nasema hivyo bila aibu. Tatizo lilikuwa barabara. Shija, yule kijana wa pikipiki aliyekuwa akinichukulia mzigo mpaka Rwamgasa, akipakia kumi, akifika salama na sita alikuwa amebahatika. Alikuwa ananiletea vigae ndani ya gunia ili nisifikiri ameviuza.

Ndipo nikaanza kuvipaka kaboni. Sukari guru nilinunua kwa Bwana Hasham, Kahama, yule mzee Mhindi mwenye duka la vyombo karibu na stendi ya zamani, ambaye ndiye pia aliyekuwa akiuza ndoo na mabomba ya vichujio vyangu. Sukari peke yake haikutosha. Utando ulikuwa mwembamba. Nikawaza kuuongezea unga. Mlinzi wa mtambo mmoja mdogo wa kuchenjulia dhahabu, mtambo ambao mmiliki wake alishaufunga akaondoka, alinipa magunia ya vumbi la kaboni lililokuwa limelala nyuma ya uzio. Unajua kaboni ile: punje za vifuu vya nazi zilizochomwa, zimejaa matundu, zinawekwa kwenye maji ya sumu ili zinyonye dhahabu. Punje zikigongana zinamomonyoka, na vumbi linabaki. Niliambiwa ni uchafu. Mimi, mwalimu wa kemia, nikaambiwa na mlinzi kwamba ni uchafu, nikaridhika. Nikalichanganya na maji ya sukari, nikapaka, nikachoma.

Vikatoka vyeusi, vizito kidogo, vigumu. Shija akapakia kumi, akafika na tisa. Wiki iliyofuata akarudi akitaka ishirini. Baadaye akaja na mwenzake mwenye guta la mizigo. Kila alipokuja alinisifu, na kwa Kisukuma, kile cha kuanza na salamu ndefu mpaka unajisikia mtu wa maana. Watu wanavipenda mno, Mwalimu. Hawataki tena vile vyekundu. Wanataka vyeusi tu. Nilitembea hapa Masumbwe kama mtu aliyegundua umeme.

Mtu wa kwanza kuniharibia furaha alikuwa Bwana Hasham. Nilikwenda kuchukua sukari guru, akanikaribisha chai kama kawaida, akaniuliza habari za nyumbani, kisha akasema polepole huku akipanga vijiko:

"Mwalimu, vichujio vyako vinakwenda. Ndoo zangu haziendi. Bomba haziendi. Sasa hao watu wanakinga maji wapi?"

Nikamwambia labda wananunua ndoo Geita.

"Geita wananunua kwangu," akasema. "Mimi sisemi kitu. Nauliza tu. Mteja anayenunua kichujio na haulizi kinachujaje, mimi ningemfuata nyumbani kwake nione anakula nini."

Limi, ungeniuliza siku ile ningekuapia kwamba mzee yule ana wivu. Nilirudi kwenye basi nikijipangia hoja. Nikasema anataka kuingia kwenye biashara yangu. Nikasema watu wa maduka hawapendi kuona mwalimu anafanikiwa. Nilianza hata kuikagua sukari yake, naionja, naipima, nikishuku kwamba ameichanganya na mchanga. Mtu aliyeniuliza swali la haki nilimshuku, na mtu aliyenisifu bila kuniuliza lolote nikamwamini, kwa sababu alizungumza kama kwetu.

Lakini swali lile halikutoka kichwani. Mwezi haukuisha nikapanda gari mpaka Rwamgasa bila kumwambia Shija. Nilitaka kuviona vichujio vyangu majumbani. Niliingia nyumba ya kwanza, nikaomba maji ya kunywa. Yakaja kwenye kopo, yana rangi ya chai. Nyumba ya pili hivyo hivyo. Ya tatu mama mmoja akaniuliza kama mimi ni bwana afya. Hakuna aliyewahi kuona kichujio cheusi.

Nilivikuta kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Unajua sauti ya karasha inavyosikika mbali. Kando yake palikuwa na lundo la vigae vyeusi, vyangu, vyenye alama ya kidole gumba niliyokuwa nikiweka ukingoni, na akina mama wawili wamekaa wanavitia kwenye moto wa mabua, kisha majivu wanayaosha kwenye karai. Nilimsalimia yule mkubwa, nikamuuliza wanafanya nini. Akanitazama viatu kwanza.

"Tunaosha vyungu vya mwalimu."

"Mwalimu gani?"

"Wa Masumbwe. Anafinyanga vyungu vyenye mali. Sijui ni mganga, sijui ni mjinga." Mwenzake akacheka mpaka akaweka karai chini.

Nilikaa kwenye jiwe nikawaacha waniambie yote. Ilikuwa hivi. Kichujio cheusi cha kwanza kilipovunjika kwenye pikipiki, Shija alimwaga vigae pale karibu na mwalo wa kuoshea dhahabu. Na pale hakuna mtu anayepita kwenye vumbi jeusi bila kuliosha. Wanaosha mchanga wa mlangoni, wanaosha majivu ya nguo za wachimbaji, wanaosha marudio, mchanga ambao umeshaoshwa na baba zao. Mama yule alivizoa vigae kwa mazoea tu. Akavichoma, akaviosha, akaona njano chini ya karai. Dhahabu ilikuwa ndani ya lile vumbi nililoambiwa ni uchafu. Kila kichujio nilichokisifu kwa ugumu wake kilinunuliwa ili kivunjwe.

Jambo moja nalishukuru hadi leo, nalo ndilo linaloniamsha usingizini: hakuna aliyekunywa. Vumbi la mtambo wa sumu, nimelipaka kwenye chombo cha maji ya watoto, na kilichowaokoa watoto wa watu si elimu yangu, ni uroho. Moto huenda uliiunguza sumu. Huenda haukuiunguza yote. Sikuwa nimepima. Nilipima ugumu tu, maana ugumu ndio nilioutaka. Nilirudi, nikayafukia magunia yaliyobaki kwenye shimo refu, nikamwendea Bwana Hasham nikamweleza. Alinimiminia chai, hakucheka, akaniuliza kama mama yako amepata kikohozi wakati wa kuchoma. Mimi sikuwa hata nimewaza hilo. Hakupata, kwa bahati.

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kushuku, na wewe umekua ukiniona hivyo. Dada yako alikuwa akinitania kwamba hata nikipewa chenji sahihi naihesabu mara mbili nikitafuta kosa. Lakini nataka ujue kwamba kushuku kwangu kulikuwa na upande mmoja. Nilijifunza kuwashuku wanunuzi, walinzi, wasifiaji. Sikujifunza kumshuku mtu wa nyumbani aliyekuwa anapenda sana jambo fulani liwe kweli. Sasa nimefika.

Mwaka jana ulirudi kutoka chuo ukaomba tanuri. Ulichoma mara sita, na kila mara mambo yalikuwa yaleyale: vile vilivyopakwa vinazidi vitupu kwa kidogo, mara nyingine havizidi kabisa. Ulikuwa ukikaa pale nyuma na ule wenzo wako, ubao mrefu juu ya msumari, kipande cha urefu wa kidole kimelazwa kwenye kingo mbili, ndoo inaning'inia mwishoni, unamimina mchanga kwa kikombe mpaka kipande kinakatika, unaupima mchanga, unaandika. Nilikuwa nikiisikia ile sauti, tak, nikijua kwa jinsi ulivyonyamaza baada yake kwamba ni kidogo tena. Maombi ya chuo cha huko uendako yalikuwa yafungwe baada ya siku chache. Ulikuwa umekonda.

Kwa moto wa saba uliweka vipande kumi na viwili vilivyopakwa kwenye chungu kimoja kilichozibwa, na sita vitupu kwenye chungu kingine, kando kwa kando. Ukaitwa Shinyanga mjini kwa ajili ya vyeti. Uliniachia maelekezo kwenye karatasi: kuni ngapi, rangi gani ya moto, saa ngapi niache. Maandishi yako mazuri, hakuna mtu angeweza kukosea.

Sikukosea. Niliongeza. Rangi uliyosema ilipofika, nikatazama lile rundo la mabua ya pamba lililobaki, nikajiambia, mtoto huyu moto wake ni wa woga. Nikachochea saa mbili nyingine, mpaka moto mle ndani ukawa wa njano na sikuweza kusogelea mlango. Nilijiambia ninakusaidia. Kesho yake nikafungua kabla hujarudi. Vipande vyako vyeusi vilikuwa vikilia kama chupa ukivigonga. Nilifurahi, Limi, nilifurahi kama siku ulipozaliwa. Ndipo nikafungua chungu cha pili nikagonga kitupu kimoja kwa ukucha. Nacho kikalia.

Nilijua palepale maana yake. Udongo ukichomwa moto mkali zaidi unashikamana wenyewe, kuta zinanenepa, matundu yanajifunga. Hauhitaji kaboni ya mtu. Nilikipeleka kile kimoja kwenye wenzo wako. Ndoo ikajaa, hakikukatika. Nikaongeza mawe mawili ndipo kikakatika. Siku mbili baadaye nilikutazama ukivunja vile vyeusi, na vingi vilikatika ndoo ikiwa imejaa na jiwe moja au mawili.

Uliporudi kutoka Shinyanga uliniuliza kabla hujaweka mkoba chini.

"Baba, vitupu viko wapi?"

Nikasema vimepasuka motoni.

"Vyote sita?"

Nikasema vyote.

"Vigae umeweka wapi?"

Nikasema nimetupa kwenye jalala.

Ukavilinganisha vyeusi vya moto wa saba na vitupu vya moto wa sita, kwa kuwa ndivyo ulivyokuwa navyo. Tofauti ilikuwa kubwa, ya kupendeza. Uliandika pia kwamba maji yanapita kwenye vyeusi polepole zaidi kwa sababu utando umeyabana matundu. Inawezekana. Inawezekana pia ni moto ulioyabana. Ukatuma. Wakajibu. Mama yako akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja wakidhani ni harusi, na kanisani wakakusimamisha mbele.

Hilo ndilo kosa langu. Nilikudanganya kwa maneno matatu mafupi, na juu ya maneno hayo umejengewa safari. Nilitaka uondoke hapa. Nilikuona utaishia pale nilipoishia mimi, mwalimu mwenye tanuri nyuma ya nyumba na hadithi ya kuchekesha kuhusu vyungu. Nilijiambia ukifika huko utafanya mambo makubwa na jambo hili dogo litafunikwa. Ni mawazo ya mtu anayepaka unga asioujua juu ya kitu anachokipenda.

Sasa nitasema jambo la pili, na hili silijui kwa hakika, nalishuku. Jumapili ile waliyokusimamisha, baada ya ibada, nilikuwa dirishani nakuona. Ulikwenda kwenye jalala na kijiti. Ukachokoa majivu, ukachokoa maganda, ukazunguka upande wa pili ukachokoa tena. Ulikaa pale kwa muda mrefu kuliko mtu anayetafuta kitu alichodondosha. Hukupata kigae hata kimoja, kwa sababu hakikuwapo. Ukanawa mikono, ukaingia ndani, ukala, na hukuniuliza tena. Tangu siku hiyo sisi wawili tumekuwa tukizungumza kwa adabu sana. Umeacha kunitania. Ukinikuta nyuma ya nyumba unasema "shikamoo" kama kwa mgeni, nami naitikia marahaba kama mgeni. Mama yako anadhani ni huzuni ya kuachana.

Kama nimekosea, na ulikuwa unatafuta pete au kijiko, nisamehe kwa kukushuku. Kama sikukosea, basi ninajua ulichokibeba mwaka huu, kwa kuwa na mimi nimekibeba. Sikulaumu. Mtu anayenyamaza kwa sababu baba yake amesema, si sawa na baba aliyesema. Lakini keshokutwa utakaa mbele ya mtu asiyekujua, atakuuliza vipande vyako vya kulinganishia vilitoka moto gani, na utalazimika kuchagua huko, peke yako, kwa lugha ya watu, umechoka na safari. Sitaki uchague huko.

Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii kwenye begi, kati ya kitenge na michembe, uikute ukifika. Leo mchana, kabla sijaanza kuiandika, nikaona kwamba huo nao ungekuwa ujanja. Ungeisoma ukiwa umeshapita, umeshapokewa, na kurudi nyuma kungekuwa kugumu mara kumi. Ningekuwa nimekupa ukweli pale ambapo hauna kazi. Kwa hiyo utaipokea mkononi mwangu ukishuka kwenye gari.

Vitupu havikupasuka. Kimoja nilikivunja mimi, vitano vipo. Viko juu ya kabati la vitabu, ndani ya bati la maziwa, na sijavigusa tangu siku ile. Nasema sijavigusa, lakini usinisadiki kwa hilo. Viangalie mwenyewe, vitazame ukingoni kwa kile kioo chako cha kukuzia kama vina ufa, pima unene wake. Vyeusi vinne ulivyobakisha viko kwenye mfuko wako. Vivunje vyote leo.

Kimoja nilichovunja mimi hakitoshi kusema lolote. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba udongo unatofautiana kipande kwa kipande, na kwamba mtu akivunja kimoja amesikia uvumi tu. Huenda vitano hivi vikakatika mapema, ndoo ikiwa nusu. Hapo nitakuwa nimejitesa mwaka mzima kwa uongo usio na haja, na nitakuwa nimestahili. Huenda vikashika sawasawa na vyeusi. Hapo utajua kwamba ulichokiandika ni kazi ya mabua ya pamba ya baba yako, si ya kaboni. Mimi nadhani itakuwa katikati, kwamba utando unafanya kazi, ila ndogo kuliko ulivyoandika. Lakini mimi ndivyo ninavyotaka iwe, kwa hiyo maoni yangu yapunguze.

Ikiwa matokeo yatakugeuka, mwandikie yule profesa aliyekukubali kabla hujapanda ndege. Mweleze moto wa saba, mweleze baba yako, taja kwamba alikuwa mwalimu wa kemia ili aone aibu ilivyo. Anaweza kusema njoo, tutaanzia hapo. Anaweza kusema usije. Sitakudanganya kwamba hilo la pili haliwezekani. Likitokea, begi lako litafunguliwa hapahapa, watu watauliza, na nitawajibu mimi, kanisani, nikiwa nimesimama mbele pale walipokusimamisha wewe.

Mama yako nimemweleza kila kitu mchana huu. Alichonijibu sitakiandika, muulize mwenyewe, atakwambia bila kupunguza. Amekubali kukumiminia mchanga. Nimemwonyesha aumimine polepole, kikombe kwa kikombe, na asiseme neno mpaka kikatike.

Wenzo nimekuwekea nyuma, mahali ulipokuwa ukikaa. Mchanga nimeuanika tangu asubuhi, umekauka. Mizani ni ya jirani; nimeipima kwa pakiti za sukari ambazo hazijafunguliwa, ila uipime tena. Jua litakuwa limebaki la kukutosha. Mimi nitakaa huku mbele, barazani, na nitasikia kila kimoja kikikatika bila kujua ni kipi.

Usiniite nikusaidie kushika ubao. Nikija mwenyewe, nikisema nataka tu kuona, nirudishe.

Baba yako,
anayekungoja barazani